KISUKARI CHA MFANYAKAZI NI JAMBO LA CHAMA



Mambo tunayoyazungumza katika mikutano yetu ya chama yanajulikana. Mshahara, nyumba, malipo ya masaa ya ziada, na mtu aliyefukuzwa bila haki. Hayo ni mambo ya lazima, na mimi mwenyewe huinua mkono pamoja nanyi. Lakini liko jambo moja ambalo likitajwa, watu huangalia chini na mwenyekiti huita neno linalofuata. Jambo hilo ni ugonjwa wa kisukari. Watu hudhani kuwa hiyo ni habari ya mtu na mke wake na daktari wake. Mimi nasema sivyo. Nasema kisukari cha mfanyakazi ni jambo la chama kama mshahara ulivyo jambo la chama, na yafaa kiandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

Sisemi kwa kusikia. Nina umri wa miaka 36, kazi yangu ni kutengeneza njia ya reli katika genge, na huu ni mwaka wa tano ninaishi na kisukari. Hujidunga insulini asubuhi na jioni. Bado nashika mtaimbo, bado nainua mzigo pamoja na wenzangu, na mshahara wangu siupati kwa huruma ya mtu. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki nimekilalia, na kunguni wake nawajua mmoja mmoja.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuelewane ugonjwa huu ni nini, maana penye giza ndipo uongo unapokaa. Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, chapati, viazi na mkate, kikisagwa tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya kufanyia kazi. Lakini haiingii yenyewe katika misuli. Hufunguliwa mlango na insulini, nayo insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kwa watu wengine kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini, na hao hawawezi kuishi bila kudungwa. Kwa watu wengi zaidi, hasa watu wazima, insulini ipo lakini haitoshi au haifanyi kazi yake vizuri. Hao wengine hupewa mafundisho ya chakula na vidonge, na wengine sindano pia. Kwa wote shida ni moja. Sukari hujaa katika damu na huku mwili unaona njaa, kama injini ya zamani iliyojaa kuni nyuma, lakini hakuna mtu wa kuzitia motoni.

Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kwenda haja ndogo mara nyingi hasa usiku, njaa, kukonda, uchovu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Lakini wako wengi ambao hawaoni dalili yo yote kwa miaka, na huku ugonjwa unakula macho, figo, moyo na miguu polepole. Mwaka 2015 uchunguzi ulifanywa nchi nzima ya Kenya juu ya magonjwa yasiyoambukiza, na ikaonekana kwamba zaidi ya watu wazima 8 katika kila 10 hawajapimwa sukari hata mara moja katika maisha yao. Ndugu zangu, injini haitoki karakanani bila kukaguliwa. Behewa halifungwi kwa treni bila mtu kugonga na kutazama magurudumu. Je, mtu anayeikagua injini hiyo, nani anamkagua yeye?

Na dawa ipo. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanya kazi ya kuipata insulini. Januari 1922 ilidungwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa, naye akapata nafuu akaishi miaka mingine. Kabla ya hapo mtoto wa namna yake alikuwa anangojewa kaburini tu. Mwaka 1923 wavumbuzi wakakiachia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi huo kwa bei ya dola moja moja. Waliona si vema mtu mmoja kutajirika kwa dawa ya wanaokufa. Basi ni aibu kubwa kwamba zaidi ya miaka 100 imepita, na bado katika nchi yetu wako wafanyakazi wanaopunguza kipimo cha dawa ili ifike mwisho wa mwezi.

MAISHA YA ZAMU

Watu wasiougua hudhani kwamba shida ya kisukari ni sindano. Sindano ni kitu kidogo, umezoea baada ya juma moja. Shida yenyewe ni saa.

Mimi huamka saa kumi alfajiri. Napima sukari kwa tone la damu, najidunga, nakula, naondoka. Tangu nilipojidunga, insulini imekwisha anza kazi yake na haisikii amri ya mtu. Haingoji treni ya mizigo ipite. Haingoji msimamizi amalize kuandika. Saa ya kula ikifika nami nisile, sukari huanza kushuka katika damu. Mikono hutetemeka, jasho la baridi hutoka, moyo hupiga mbio, kichwa huvurugika. Ikishuka zaidi mtu husema maneno yasiyoeleweka na kutembea kama mlevi, na mwisho huanguka akapoteza fahamu. Wale wanaotumia vidonge vya namna fulani nao hupatwa na mambo hayo.

Sasa fikirini desturi yetu. Chakula cha mchana ni saa sita, lakini kazi haijakwisha, basi tunaambiwa tungoje kidogo. Kidogo hicho huwa saa nane. Mtu wa zamu ya usiku atolewe saa kumi na mbili asubuhi, lakini mwenzake amechelewa, basi akae mpaka saa tatu. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni njaa na manung'uniko. Kwa mwenye kisukari ni hatari ya kuanguka juu ya reli.

Najua habari ya mwenzetu mmoja, na stesheni yake sitaitaja. Alikutwa zamuni anatoka jasho na kusema ovyo. Msimamizi akamwambia, "Wewe umelewa," akamwandikia barua ya onyo. Mtu huyo hanywi pombe wala hajapata kunywa tangu abatizwe. Hakuna aliyeuliza ana ugonjwa gani, hakuna aliyempima. Glasi ya maji na vijiko vinne vya sukari ingalikata kesi hiyo kwa robo saa. Badala yake barua inakaa katika faili lake mpaka leo, na akipata mbili nyingine kazi hana.

Tena kuna joto. Insulini haipendi joto kali wala baridi ya barafu. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae katika friji, kati ya digrii 2 na 8. Ile iliyofunguliwa hukaa karibu majuma manne penye ubaridi wa nyumbani. Lakini nani ana friji katika kambi ya genge kati ya Voi na Mtito Andei, ambako mchana chuma cha reli chaweza kukuunguza mkono? Wengi wetu huiweka ndani ya chungu cha udongo chenye maji, mahali pa kivuli. Watu walikuwa wakitucheka. Lakini mwaka 2021 wataalamu wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya majaribio yao. Walitumia hesabu ya joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, wakaona insulini waliyoijaribu ilidumu na nguvu yake kwa majuma manne ingawa joto lilipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Basi hatuombi majumba ya barafu. Twaomba kabati moja lenye kivuli, pahali ambapo dawa ya mtu haitakaa juani pamoja na makoleo.

Na miguu! Kisukari cha miaka mingi huua mishipa ya hisia miguuni. Mtu hukanyaga kokoto, jiwe huingia ndani ya buti, naye hasikii lo lote mpaka avue jioni aone soksi ina damu. Kidonda kidogo cha namna hiyo, kisipotunzwa, ndicho kinachomfikisha mtu kwenye meza ya kukatwa mguu. Kwa hiyo buti nzuri za kazi kwetu sisi si mapambo wala si zawadi ya mwisho wa mwaka. Buti mbovu ni shoka.

MANENO MATATU YA UONGO

Neno la kwanza lasema: "Huo ni ugonjwa wa matajiri." Nani alisema? Tazameni chakula cha mfanyakazi. Asubuhi chai yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili. Mchana mlima wa ugali na mboga kidogo, kwa sababu ugali ndio unaojaza tumbo kwa shilingi chache. Akisinzia zamuni, soda. Usiku analinda kituo na mchana analala katika chumba chenye kelele. Wataalamu wamekwisha ona kwamba kazi ya zamu za usiku kwa miaka mingi huongeza hatari ya kupata kisukari. Tajiri akipata kisukari ana daktari, ana mpishi, ana friji na ana saa ya kula. Sisi tukikipata tuna zamu. Ugonjwa ni wa wote, lakini vifo havigawanywi sawasawa.

Neno la pili lasema: "Mwenye kisukari hafai kazi, atatuletea ajali." Hili ndilo neno zito, na sitaki kulikimbia. Ni kweli kwamba mtu ambaye sukari yake hushuka ghafula bila yeye mwenyewe kuhisi hafai kuendesha treni usiku. Mimi mwenyewe sitaki aendeshe, maana nyuma yake wamekaa akina mama na watoto. Ni kweli pia kwamba dereva ambaye macho yake yameharibika hawezi kusoma taa za ishara. Chama kisiombe jambo la kuua watu.

Lakini angalieni vizuri. Wenye kisukari si mtu mmoja. Yuko anayetumia chakula chake tu na mazoezi. Yuko wa vidonge. Yuko wa sindano aliyeitawala sukari yake miaka 10 na hajaanguka hata siku moja. Kuwafukuza wote kwa jina moja ni kama kuyakataa mabehewa yote ya treni kwa sababu moja lina breki mbovu. Kila mtu apimwe na daktari kwa hali yake na kwa kazi yake. Asiyefaa kazi moja apewe nyingine, na mshahara wake usishuke.

Tena mwajiri anayefukuza hajiletei usalama, anajiletea ajali. Akimfukuza mmoja aliyesema kweli, anawafundisha kumi kunyamaza. Mtu huyo atakula vidonge chooni. Atajidunga gizani. Akitetemeka atasema ni malaria. Hatapimwa macho, maana anaogopa karatasi ya daktari. Basi niambieni, ni yupi wa hatari: yule ambaye kila mtu katika genge anajua hali yake na sukari iko mfukoni, au yule ambaye hakuna anayejua? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tuulizane pia ni nani aliyemfanya ayafiche.

Neno la tatu lasema: "Ni mambo yake ya nyumbani, aache sukari." Laiti ingekuwa hivyo. Kuacha sukari ya chai ni vizuri, lakini hakumpi mtu saa ya kula, hakumpi siku ya kliniki, hakumpi choo njiani wala maji ya kunywa. Mtu atalaje kwa mpango ikiwa kazi yake haina mpango? Mnyapara ndiye mwenye saa. Mwajiri ndiye mwenye saa. Na kitu kilicho mkononi mwa mwajiri hakipatikani kwa mtu mmoja kuomba. Hupatikana kwa chama.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1936, hapa Nairobi, chama cha wafanyakazi cha Makhan Singh kilidai siku ya kazi iwe masaa 8. Wakati huo nao wako waliosema uchovu wa mtu ni mambo yake ya nyumbani. Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waliweka vyombo chini. Masaa ya kazi na masaa ya kupumzika hatukuyaokota njiani.

SHERIA IKO, LAKINI INA TUNDU

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hali ya afya yake. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi. Kifungu cha 43 kinataja haki ya afya. Shikeni nambari hizi, maana msimamizi akisikia nambari hupunguza sauti.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema katika kifungu cha 41 kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa sababu mwili wake hauwezi, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama pale pale, na wasikilizwe. Kwa hiyo ukiitwa ofisini juu ya ugonjwa wako, usiende peke yako. Usitie sahihi karatasi ambayo mjumbe wako hajaisoma.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili katika kila mwaka, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, akileta karatasi ya daktari kwamba hawezi kazi.

Hapo ndipo penye tundu, nanyi mlitazame vizuri. Sheria inamlinda mtu aliyelala kitandani. Mtu aliyesimama haimlindi. Mwenye kisukari anayekwenda kliniki siku yake hajalala, anakwenda ili asije akalala. Daktari hawezi kuandika kwamba hawezi kazi, maana anaweza. Basi siku hiyo huhesabiwa kuwa amekosa kazini, akakatwa mshahara, ama aombe likizo yake ya mwaka. Akienda kila mwezi, siku 12 zimekwenda. Ndipo wengi huacha kliniki, na baada ya miaka michache mtu huyo huyo analazwa kwa kidonda cha mguu, na sasa sheria inamkumbuka, lakini mguu haurudi. Tundu hili halizibiki ila kwa mapatano ya chama. Sheria ni sakafu tu, haikutukataza kujenga ukuta.

Liko na jambo la bima. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, ile inayoitwa SHA. Fedha hizo zinatoka kabla hatujazishika mkononi. Basi aliyekatwa kila mwezi ana haki ya kuuliza dawa yake iko wapi, na yafaa aulize kupitia chama, maana sauti ya mtu mmoja dirishani haifiki mbali.

TUNAYODAI

Katika mapatano yajayo nataka wajumbe wetu waweke mbele ya waajiri mambo haya:

1. Saa ya kula iwe saa ya kula. Ikilazimu kazi iendelee, mwenye kisukari aruhusiwe kula kwanza, dakika 15 zatosha, bila kuomba msamaha wala kuandikiwa barua.

2. Siku za kliniki zilipwe, na zisihesabiwe katika siku za ugonjwa wala likizo ya mwaka. Kadi ya kliniki yenye muhuri iwe ushahidi wa kutosha.

3. Kila mwaka wafanyakazi wote wapimwe sukari, shinikizo la damu na macho, katika masaa ya kazi, kwa gharama ya mwajiri. Majibu yawe ya mtu na daktari wake. Ofisi iambiwe neno moja tu, kwamba anafaa kazi hii au apewe nyingine.

4. Anayehamishwa kazi kwa sababu ya afya asipunguziwe mshahara, wala asipoteze miaka yake ya utumishi.

5. Katika kila kambi ya genge, kila karakana na kila stesheni pawe na kabati la dawa lenye kivuli, maji safi, choo, na pakiti ya sukari katika sanduku la huduma ya kwanza. Sijui mwajiri gani atafilisika kwa pakiti ya sukari.

6. Mtu akionekana kama mlevi kazini, kwanza aulizwe na apimwe sukari, ndipo mengine yafuate.

Na tusingoje mapatano kwa kila kitu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka pawe na kamati ya usalama na afya palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wajumbe ndani yake. Wajumbe hao wasizungumze kofia na glavu tu. Jambo la 5 na la 6 waweza kulianza juma hili.

NA SISI WENYEWE

Nimewasema waajiri, sasa nitawasema na wanachama.

Tuache kicheko. Mtu akikonda tunanong'ona kwamba ana ukimwi au amerogwa. Akikataa soda tunamwita bahili. Akiweka chakula kidogo cha akiba mfukoni tunamwita mtoto wa shule. Kicheko hicho kimewanyamazisha watu wengi kuliko barua za ofisini.

Tujue la kufanya. Mwenzako mwenye kisukari akianza kutetemeka na kutoka jasho, au akisema ovyo, mpe mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, au soda ya kawaida. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Lakini akiwa amezimia usimtie kitu kinywani, maana atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, umkimbize hospitali. Jambo hili lajifunzwa kwa dakika tano, na kila genge lilijue.

Tujihadhari na wauzaji wa chupa. Wanapanda mabasini na kusimama sokoni, wanasema dawa yao inamaliza kisukari kwa majuma mawili, na dawa hiyo hiyo inamaliza vidonda vya tumbo na kuleta wateja dukani. Mtu akiacha insulini kwa ajili ya chupa hiyo aweza kufa kabla chupa haijakwisha. Omba Mungu, kunywa na dawa ya daktari. Vitu hivyo viwili havijapata kugombana.

Tule kwa akili. Sisemi tule kama Wazungu. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki, mchicha na samaki ni vyakula vyetu, na ugali haukukatazwa, ila mlima uwe kilima na mboga iwe nyingi. Pakiti ya sukari ninayoidai kabatini ni dawa ya hatari, si ya kuongeza katika chai.

Na tupimwe. Tarehe 14 Novemba kila mwaka ni Siku ya Kisukari Duniani, nayo ndiyo siku aliyozaliwa Banting mwaka 1891. Kwa kawaida siku hiyo vipimo vya bure hufanywa mahali pengi. Nataka tawi letu lipeleke watu kwa pamoja, viongozi mbele, ili mwanachama wa kawaida asiogope. Sukari ya mtu ambaye hajala kitu tangu usiku ikiwa 7.0 au zaidi katika mashine zetu, na kipimo kikirudiwa kikawa vile vile, huyo ana kisukari. Akijua mapema, ana miaka mingi ya kazi na ya kulea watoto wake.

Wenzangu, mimi siombi huruma. Mwenye kisukari si chuma kibovu cha kutupwa nyuma ya karakana. Ni mtu mwenye kazi, anayelipa ada ya chama kama ninyi, na anayetaka saa ya kula, siku ya kliniki na kabati la dawa. Mambo hayo matatu ni madogo, na kwa sababu ni madogo, mwajiri akiyakataa tutajua kwamba hakukosa fedha. Mkutano ujao nitasimama kuyataja. Nikisimama, wale ambao wamekuwa wakijidunga gizani wasimame nami, nanyi wengine msiangalie chini.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
MTU WA GENGE

(Ukiisha kusoma karatasi hii usifungie nyama. Mpe mwenzako.)